Sindano ya GnRH: kwa nini homoni isiyokatika huizima tezi

Dhana: Sindano ya homoni huongeza homoni mwilini.

Mzee akiandikiwa goserelini, sindano ya homoni, kwa saratani ya tezi dume, ambayo hustawi kwa testosteroni, homoni ya kiume, ni rahisi kuogopa kwamba anaulisha uvimbe. Kwa siku za mwanzo hofu yake ina msingi. Baada ya hapo mambo hugeuka.

Goserelini inaiga GnRH, homoni ndogo (peptidi) ya asidi amino 10 inayotolewa na niuroni, yaani seli za neva, za haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu ya tezi ya pituitari. Niuroni hizo haziimimini kama mfereji ulioachwa wazi. Huitoa kwa mipigo, mara nyingi mmoja kila dakika 60 hadi 120. Mpigo ukifika, GnRH hushika vipokezi vya seli za pituitari, kalsiamu hupanda ndani ya seli, na LH na FSH, homoni zinazoamsha korodani na ovari, humwagika kwenye damu. Dakika chache baadaye GnRH imeshavunjwavunjwa, na seli hupumzika. Bila pumziko hilo kazi husimama. Mwaka 1978 kundi la Ernst Knobil lilionyesha hayo kwa nyani: GnRH ikitolewa mara moja kwa saa, pituitari ilifanya kazi; ileile ikitiririshwa mfululizo, ilinyamaza.

Goserelini ya miligramu 3.6 huwekwa chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, nayo hutoka bila kukatika. Seli hushtuka kwanza, testosteroni hupanda, na maumivu ya mifupa yanaweza kuzidi. Kisha vipokezi huvutwa ndani ya seli, LH hushuka, na kufikia wiki ya 3 au ya 4 testosteroni imeanguka kama ya mtu aliyetolewa korodani. Kwa sababu ya mpando ule wa kwanza, daktari huongeza vidonge kama bikalutamidi, vinavyozuia testosteroni isifanye kazi, katika kipindi cha mwanzo. Msiviache kwa sababu tu sindano imeshapigwa. Miguu ikiishiwa nguvu au mkojo ukifunga, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, kwani uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa.

Dawa hii haitakiwi kupita nyuzi 25. Joto la Mombasa kuanzia Januari hadi Machi hupita 30, kwa hivyo isiachwe garini kwenye foleni ya feri ya Likoni.

Dhana: Kipimo kimoja cha damu kinamaliza maneno.

Ukitaka kujua kama GnRH ya mtu inafanya kazi, yenyewe hupotea haraka mno kupimwa kwenye damu ya mkono. Hupimwa LH na FSH, na LH nayo hupanda na kushuka kwa mipigo. Jibu la chini mara moja halitoshi, pima tena.

Dhana: Kijana aliyechelewa kubalehe angojewe tu.

Wengi huchelewa kwa kurithi na hubalehe wenyewe. Lakini mvulana wa miaka 14 ambaye korodani hazijakua, au msichana wa 13 asiye na dalili ya matiti, aonwe na daktari. Muulizeni pia kama anasikia harufu ya udi au asmini. Mimba ikikua, niuroni za GnRH huanzia puani na kusafiri hadi kwenye ubongo, zikifuata neva za kunusa. Safari hiyo ikivurugika, mtoto hukosa harufu na balehe pamoja. Huo ndio ugonjwa wa Kallmann. Una tiba: homoni za kuanzisha balehe, na baadaye, akitaka kuzaa, sindano za kuamsha korodani au ovari, au pampu inayotoa GnRH kwa mipigo.