Mkate unapoisha kabla theluji haijaanguka

Kila majira ya baridi yakifika, picha zilezile huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani: rafu za mkate tupu, friji za maziwa tupu, na chini yake mtu ameandika kwamba watu wamekuwa waroho au kwamba chakula kimeisha nchini. Kazi yangu ni kupanga mizigo ya chakula itoke ghalani ifike madukani, na naifanya hapa Dublin. Picha hizo ni za kweli. Maelezo yake ndiyo mara nyingi si ya kweli, nayo yana madhara, kwa sababu tukishamlaumu mroho tunaacha kumtazama anayekosa chakula kweli.

Tuchukue mwisho wa Februari 2018. Hewa ya baridi kali ilivuma kutoka upande wa Siberia, magazeti yakaiita Beast from the East, ikaja kukutana na dhoruba Emma iliyokuwa ikipanda kutoka kusini. Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya Ireland, ilitoa tahadhari nyekundu, na kufikia Alhamisi tarehe 1 Machi tahadhari hiyo ilikuwa ya nchi nzima. Serikali iliwataka watu wawe ndani ya nyumba ifikapo saa kumi jioni siku hiyo. Shule zilifungwa, mabasi yakasimama, ndege hazikuruka. Lakini mkate ulikuwa umeanza kuadimika tangu utabiri ulipotangazwa, wakati dhoruba yenyewe bado iko baharini.

Hesabu yake ni nyepesi, na nitaifanya kwa duka la mfano. Duka lina wateja wa familia 2,000, na kila familia hununua mkate mmoja kila baada ya siku tano. Kwa hiyo kwa siku ya kawaida linauza mikate 400, na mpangaji kama mimi analipelekea 450 ili isipungue. Sasa utabiri unatangazwa, na familia zote 2,000 zinaamua kununua leo badala ya keshokutwa. Kila moja inachukua mkate mmoja tu. Familia 450 zinapata, 1,550 zinarudi mikono mitupu. Hakuna aliyejaza buti la gari, hakuna aliyefanya jambo la aibu. Walichofanya ni kuja siku moja. Wachache wakichukua miwiliwili, rafu inaisha asubuhi badala ya mchana, basi. Uingereza iliona hali kama hiyo Machi 2020, mwanzoni mwa korona: takwimu za Kantar, kampuni inayofuatilia manunuzi ya watu, zilionyesha kwamba waliobeba kupita kiasi walikuwa sehemu ndogo sana ya wanunuzi, na kwamba rafu zilimalizwa na watu wengi walioongeza kitu kimoja kimoja na kwenda dukani mara nyingi zaidi.

Swali ninaloulizwa sana na jamaa wa nyumbani ni kwa nini duka kubwa namna hiyo halina akiba. Mangi wa mtaani kwenu ana magunia nyuma ya duka. Mvua ikikata barabara, bado atakupimia mchele wiki nzima. Supermaketi ya hapa haina chumba hicho. Sehemu kubwa ya jengo ni ya kuuzia, na stoo ya nyuma ni nyembamba, ya mzigo unaopita. Mkate wa leo umeokwa jana usiku, umepakiwa kabla ya alfajiri, umefika duka likifunguliwa. Akiba ya duka iko barabarani, ndani ya lori, na theluji hufunga barabara kabla ya kitu kingine chochote.

Hapo ndipo yanapoanza mambo ambayo mteja hayaoni. Mkate husafiri kwenye trei za plastiki zinazopangwa moja juu ya nyingine. Lori likishusha mkate, linarudi na trei tupu za jana. Lori lisipofika dukani, trei hazirudi kiwandani. Na zisiporudi, kiwanda kinaweza kuwa na unga, umeme na waokaji wa zamu, kikakosa cha kupakilia. Dhoruba inapopita, meneja wa duka hufikiria mkate. Mimi kwanza naulizia trei.

Dereva naye ana saa zake. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamruhusu kuendesha saa 9 kwa siku, saa 10 mara mbili tu kwa wiki, na baada ya saa 4 na nusu za usukani lazima apumzike dakika 45. Ni sheria nzuri, inaokoa maisha. Lakini safari ya saa mbili ikigeuka ya saa tano kwa sababu ya kutambaa kwenye barafu, duka la tatu kwenye orodha yake halitamwona siku hiyo. Serikali zinaweza kulegeza sheria hiyo wakati wa dharura, na huwa zinafanya hivyo, ingawa dereva aliyechoka kwenye theluji ni hatari ileile, kibali kiwepo kisiwepo.

Kisha kuna kompyuta. Oda nyingi za siku hizi hazipigwi na mtu. Programu inaangalia mauzo ya siku zilizopita na kuagiza yenyewe. Rafu ikiwa tupu kuanzia saa nne asubuhi, programu inaona mauzo ni sifuri mchana kutwa. Isipokuwa imefundishwa, itadhani watu hawataki mkate. Wakati huohuo ile asubuhi ya fujo inasomeka kama ongezeko kubwa, na oda ya wiki inayofuata inafura. Ndiyo maana baada ya dhoruba utaona mkate umejaa, umepunguzwa bei, na mwingine unatupwa. Wiki kama hiyo naingia kwenye mfumo na kurekebisha oda kwa mkono, duka kwa duka.

Kwa maziwa ni afadhali kidogo au vibaya zaidi, kutegemea umesimama wapi. Ng'ombe lazima akamuliwe hata kuwe na theluji. Mwaka 2018 magari ya kukusanya maziwa yalishindwa kufika kwenye mashamba kadhaa ya mashariki na kusini-mashariki mwa Ireland, na kuna wafugaji waliolazimika kumwaga maziwa huku friji za madukani zikiwa tupu. Texas iliyaona hayo kwa ukali zaidi Februari 2021. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikosa umeme, viwanda vya kusindika vikasimama, na maziwa yakamwagwa. Ule ulikuwa upungufu wa kweli: hata duka lenye bidhaa halikuweza kuuza bila mashine wala taa. Hesabu rasmi ya jimbo ilifikia vifo 246. Sipendi Texas iwekwe kapu moja na Dublin. Dublin mkate ulichelewa siku chache. Texas watu walikufa kwa baridi ndani ya nyumba zao.

Nani alikosa mkate Dublin? Asiyeweza kwenda siku ya kwanza. Dada anayelea wazee kwa zamu ya saa 12, anatoka saa mbili usiku. Mzee asiye na gari anayeogopa kuteleza. Mama anayesubiri mshahara wa Ijumaa wakati watu wamemaliza rafu Jumanne. Hao hawamo kwenye picha za WhatsApp. Kwa hiyo ninapokaa na mameneja nasisitiza jambo moja: kikomo cha mikate miwili kwa mteja kianze saa ileile tahadhari inapotoka, rafu ikiwa bado imejaa, na sehemu ya mzigo izuiwe hadi jioni. Wengine hunijibu kwamba kikomo kitawatia watu hofu. Kwa niliyoyaona, kinachowatia watu hofu ni rafu tupu.

Sitamwambia mtu asinunue kabla ya dhoruba. Wazee wa Boston wanakumbuka Februari 1978, theluji iliponasa magari zaidi ya 3,000 kwenye barabara ya Route 128 na gavana Michael Dukakis akapiga marufuku kuendesha magari kwa siku kadhaa. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kutaka mkate ndani. Tatizo ni kungoja hadi utabiri utangazwe. Akiba inunuliwe Novemba, kidogokidogo, na iwe ya vitu vinavyokaa. Sisi tunaokula ugali tumepata nafuu hapo: wiki ile ya Emma nilipita kwenye maduka ya Waafrika na Waasia, foleni ilikuwepo, lakini unga, mchele na maharage vilikuwepo pia. Mfuko wa sembe, wa ngano kwa chapati, dagaa, maziwa ya unga, chumvi, na maziwa ya mtoto mchanga ya wiki mbili kama unaye. Weka na maji kwenye madumu. Baada ya Emma, Dublin mkate ulirudi haraka, lakini mabomba yalikuwa yamepasuka, na shinikizo la maji lilipunguzwa usiku kwa siku kadhaa.

Umeme ukikatika, jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyoonekana wala kunusika, kaboni monoksidi, na gesi hiyo ilipeleka mamia ya watu hospitalini kule Texas, wengi wao wakiwa wanajaribu tu kupasha nyumba moto.