Kwa nini kasa aliyezimia kwenye jarife hatakiwi kurudishwa majini haraka?

Jarife, yaani wavu mkubwa wa kutega, lililolala usiku kucha nje ya Msimbati au Msangamkuu, pwani ya Mtwara, likivutwa alfajiri huja na papa, huja na samaki taa, na mara nyingine huja na kasa. Shingo imelegea, macho yamefumba, mapezi hayatikisiki. Mvuvi mwenye huruma humsukuma majini upesi: bahari ni kwao, atajijua huko. Asiye na huruma humhesabu kitoweo. Wote wawili wanaweza kuwa wanamuua mnyama aliye hai, na huyo mwenye huruma ndiye anayemuua bila kujua.

Kasa hana matamvua. Anavuta hewa kwa mapafu kama sisi, na ni lazima aibuke. Akiwa anatafuta chakula hukaa chini dakika chache, pengine hata 40. Akiwa amelala chini ya mwamba anaweza kupitisha saa kadhaa. Sasa mnyama wa namna hiyo anakufaje wavuni? Ni kwamba saa hizo huzipata akiwa ametulia tuli. Ndani ya jarife hatulii, anapigana. Misuli inamaliza oksijeni yote, kisha inaendelea kufanya kazi bila oksijeni, na asidi ya laktiki inajaa kwenye damu. Haifiki hata saa moja, anaweza kuwa ameshazimia.

Kuzimia huko kunafanana sana na kufa. Ubongo wa kasa huvumilia kukosa oksijeni kwa muda ambao binadamu asingeuweza hata kidogo, na moyo hupiga mara chache mno. Ukimtazama kwa dakika tano huoni dalili yoyote ya uhai. Ukimrudisha baharini katika hali hiyo, hana nguvu ya kuinua kichwa aje kuvuta pumzi. Atazama, na safari hii hatapata nafasi nyingine.

Anachohitaji ni kukaa nje ya maji. Mlaze kwa tumbo, kamwe si chali. Mazoea ya kumpindua ili asikimbie yana madhara, kwa sababu mapafu ya kasa yamepangwa juu, chini tu ya gamba la mgongoni. Akilala chali, matumbo yote huyaangukia na kuyabana. Inua sehemu ya nyuma ya mwili angalau sentimita 15, kwa gunia lililokunjwa au kipande cha mbao, ili maji yaliyoingia mapafuni yapate njia ya kutoka. Mwinue kwa kushika gamba, usimburute kwa mapezi, maana viungo huteguka. Mweke kivulini, mfunike kitambaa kilicholowa bila kuziba pua. Kila baada ya muda gusa taratibu ukope au mkia. Akishtuka hata kidogo, yuko hai.

Mwongozo unaotumika kwa wavuvi wa nchi nyingi unasema asubiriwe saa 4 hadi 24. Muda huo haukuokotwa tu: asidi ile inaweza kuchukua hadi saa 20 kuisha kwenye damu ya kasa aliyezamishwa kwa nguvu.

Hapa lazima tuseme ukweli. Kumwambia mwenye ngalawa akae siku nzima na mnyama anayeweza kupita kilo 100 ni rahisi kwa mtu aliyeko ofisini. Kinachowezekana ni kumfikisha pwani akiwa amelazwa hivyo, kisha kuwaita watu wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, au afisa uvuvi. Msimbati yenyewe imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo huko kuna pia wahifadhi wa kuitwa. Kasa analindwa na sheria za uvuvi za Tanzania. Na kwa anayefikiria sufuria: nyama ya kasa huweza kuwa na sumu isiyokufa kwa kupikwa. Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watu tisa walifariki baada ya kuila, wanane kati yao wakiwa watoto.

Kuna na hatari nyingine iliyojulikana juzi tu. Mwaka 2014 watafiti nchini Hispania walieleza kwamba kasa waliotoka kwenye nyavu walikutwa na mapovu ya gesi ndani ya mishipa ya damu, ugonjwa ule ule wa wapiga mbizi wanaopanda juu kwa haraka. Kabla ya hapo iliaminika kasa hapatwi nao. Ndiyo maana kasa anaweza kuonekana mzima ukingoni mwa chombo, akaogelea zake, kisha akafa saa chache baadaye bila mtu kuona.

Akiwa na ndoana au mshipi unaotoka mdomoni au nyuma, usivute. Uzi huo unaweza kuwa umepita utumbo mzima, na ukiuvuta unakata kama wembe. Ukate, uache kipande, mtaalamu atamalizia.

Majeraha makubwa yanahitaji hospitali, na katika mwambao wetu inayojulikana zaidi iko Watamu, Kenya. Matibabu ya kasa ni ya subira. Damu yake hufuata joto la maji, dawa huisha mwilini polepole. Kuna antibayotiki ambayo hudungwa mara moja tu kila siku tatu. Asali hupakwa kwenye vidonda. Gamba lililopasuliwa na panga boi la injini ya boti hutibiwa kama mfupa uliovunjika, kwa kuwa kweli ni mfupa, tena ulioungana na uti wa mgongo, na kupona kwake ni kwa miezi.

Kesi ngumu kuliko zote ni ya kasa anayeelea upande na kushindwa kupiga mbizi. Mara nyingi pafu limepasuka na hewa imevujia tumboni, au plastiki imeziba utumbo na gesi ikajaa. Hewa inaweza kunyonywa kwa sindano. Ikishindikana, vizito vidogo hubandikwa juu ya gamba kusawazisha mwili, halafu hupunguzwa kimoja kimoja kadiri anavyopata nafuu. Wapo ambao hawapati tena uwezo wa kuzama, na hao hawaachiwi baharini. Hulelewa kwenye matangi hadi mwisho wa maisha yao.