Haiba ya Mtu na Tiba ya Kisaikolojia: Maswali na Majibu

Haiba ni nini, na inamhusu nini mtaalamu wa tiba?

Haiba ni ile namna ya kufikiri, kuhisi na kuhusiana na wenzake ambayo mtu hudumu nayo miaka mingi, hata wanaomfahamu wakaweza kukisia atafanyaje akiudhiwa au akisifiwa. Imani ya mtaalamu kuhusu chanzo cha haiba ndiyo huamua maswali atakayouliza. Tumchukue mtu mmoja asiyeweza kumkatalia yeyote jambo lolote, ambaye amelemewa mpaka usingizi umempotea.

Sigmund Freud angemwelezaje mtu huyu?

Freud (1856–1939), daktari aliyefanya kazi Vienna, alishikilia kwamba sehemu kubwa ya nafsi imefichika hata kwa mwenyewe, na kwamba ndani yetu matamanio ya asili hushindana na dhamiri tuliyoipata kwa wazazi. Pengine mtu huyu anaizuia hasira ambayo utotoni aliiona ni ya hatari. Katika tiba ya aina hii huachwa aseme lolote linalomjia, huku mtaalamu akiangalia kama mtu huyo anamwogopa mtaalamu jinsi alivyomwogopa mzazi wake. Mafundisho ya Freud kuhusu hatua za ukuaji wa kijinsia hayakuthibitishwa na utafiti uliofuata, ila tiba fupi zilizochipuka kutokana na kazi yake zingali zikitumika.

Je, haiba yaweza kuwa mazoea tu?

Ndivyo walivyoona wanasaikolojia wa tabia, akiwemo B. F. Skinner, na hapa naona pana msaada mkubwa. Kila anapoitikia "ndiyo", mtu wetu hupata nafuu ya papo hapo, kwa kuwa ile hofu ya kumuudhi mwenzake hutulia. Nafuu hiyo ndiyo inayoilisha tabia yenyewe, ingawa baadaye humgharimu. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alieleza jinsi mtoto aliyeogopa sungura alivyosaidiwa kwa kusogezewa mnyama huyo kidogo kidogo wakati akila. Kwa njia hiyohiyo, mtu wetu ataanza kukataa mambo madogo, kisha makubwa zaidi. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili, katika miaka ya 1960 aligeukia mawazo yanayopita upesi kichwani, kama vile "nikikataa, watanichukia", naye akawafundisha wagonjwa kuyapima kwa ushahidi. Njia hizi mbili zikiunganishwa ndizo tiba ya fikra na tabia, ambayo imefanyiwa utafiti mwingi kuhusu hofu na sonona, yaani huzuni nzito inayodumu.

Carl Rogers alikuwa na lipi jipya?

Rogers (1902–1987), naye mwanasaikolojia, aliamini kwamba mtu hukua akisikilizwa kwa dhati bila kuhukumiwa. Mtu aliyezoea kupendwa kwa masharti huhitaji mno uhusiano wa namna hiyo.

Vipimo vya haiba vinaaminika?

Kipimo kinachoheshimiwa zaidi na watafiti hupima sifa tano: uwazi kwa mambo mapya, umakini katika wajibu, uchangamfu, upole kwa wengine na wepesi wa kufadhaika. Hueleza mtu alivyo, si sababu ya kuwa hivyo, wala hakitoshi kutambua ugonjwa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takribani asilimia 40 hadi 50 ya tofauti za sifa hizi kati ya watu hutokana na urithi. Hiyo haina maana kwamba nusu ya haiba yako imefungwa, maana hata sifa zenye urithi hubadilika kwa umri na kwa tiba.

Basi nimtafute mtaalamu wa mtazamo upi?

Wengi huchanganya mitazamo, na uhusiano mwema kati yenu huchangia sana matokeo. Una haki ya kumuuliza anaelewaje tatizo lako, atatumia njia gani, na mtatambuaje kwamba unapata nafuu. Ukiwa na mawazo ya kujiua, usingoje miadi: mwambie mtu unayemwamini, na uende mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu.