Je, wajua kwa nini anayewekewa pesimeka huumwa na bega, si moyo?

Wageni wanaokuja kumjulia hali mtu aliyetoka kuwekewa pesimeka huuliza kuhusu moyo. Yeye hulalamikia bega. Hapo wageni hutazamana, na shangazi mmoja anayejiona mjuzi wa mambo ya hospitali hueleza kwamba kifua kikishapasuliwa, uchungu hutambaa popote. Binamu naye huongeza kwamba mkono wa upande ule usisogezwe kabisa, ikibidi ufungwe kwa leso hata miezi mitatu.

Shangazi amekosea kuhusu kifua. Binamu amekosea zaidi, maana ushauri wake ndio unaoleta maumivu anayotaka kuyazuia.

Pesimeka ni kisanduku bapa cha titani chenye betri na saketi, chenye uzito wa gramu 20 hadi 50 hivi. Kazi yake ni kuushtua moyo kwa umeme mdogo kila unapochelewa kupiga. Kisanduku chenyewe hakikai moyoni. Hukaa chini ya ngozi, sentimita chache chini ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Kinachofika moyoni ni waya mmoja au zaidi, unaopitishwa ndani ya mshipa mkubwa wa damu huku daktari akiutazama kwenye eksirei. Mahali pa kukata hudungwa dawa ya ganzi, na mgonjwa huwa macho au anasinzia tu. Hakuna mbavu inayokatwa, moyo hausimamishwi, na wengi huenda nyumbani kesho yake. (Zipo pia pesimeka ndogo zisizo na waya, zinazopitishwa kwenye mshipa wa paja. Hizo hazigusi bega.)

Hata hivyo tusimcheke shangazi. Angekuwa Stockholm tarehe 8 Oktoba 1958, angekuwa sahihi kabisa. Siku hiyo daktari Åke Senning alipasua kifua cha Arne Larsson, aliyekuwa na umri wa miaka 43, akashona nyaya kwenye moyo wake na kuziunganisha na pesimeka iliyozikwa tumboni. Ilikuwa ya kwanza duniani kuwekwa ndani ya mwili. Mhandisi Rune Elmqvist alikuwa ameiunda kwa kumimina gundi ngumu katika kopo la rangi ya viatu la Kiwi, lile lile linalojulikana na kila mng'arisha viatu wa Moi Avenue, Nairobi. Kifaa hicho kilikufa baada ya saa chache. Larsson hakufa. Alibadilishiwa vifaa hadi akafikisha 26, akaishi mpaka 2001, na kuwazika daktari na mhandisi wote wawili.

Njia ya mshipa nayo ina kisa chake. Mwaka 1929, mjini Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipitishia katheta ya mkojo, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa mkono wa kushoto, sentimita 65, kisha akatembea kwa miguu yake hadi chumba cha eksirei ili ithibitishwe kwamba ncha imefika moyoni. Alichohisi ni joto. Baadaye, 1956, alipewa Tuzo ya Nobel.

Joto tu, kwa sababu ukuta wa ndani wa mishipa na wa moyo hauhisi mguso kama ngozi inavyohisi. Moyo hulalamika ukikosa damu, lakini waya ukijikita ndani yake kwa kiskrubu cha milimita kama 2, kwa kawaida hausemi kitu. Ngozi na nyama za kifuani ndizo zenye kelele. Ili kisanduku kipate mahali, daktari hutenganisha mafuta na msuli, mara nyingi kwa vidole, hadi papatikane kifuko cha kukitosha. Ganzi huisha baada ya saa chache, kwa hiyo jioni ya kwanza humshangaza mtu aliyekuwa akipiga gumzo mchana. Siku zinazofuata pana uvimbe kiasi, rangi ya samawati inayogeuka manjano, na pengine kipande cha ngozi kilichokufa ganzi kwa sababu vijishipa vya fahamu vilikatwa. Kwa wengi uchungu huu hupungua ndani ya wiki moja au mbili.

Kisha, kidonda kikiwa kinapona vizuri, bega linaanza. Hapa ndipo tunapomrudia binamu.

Agizo la daktari huwa na mpaka: kiwiko kisipande juu ya bega, na usinyanyue vitu vizito, kwa wiki 4 hadi 6 hivi. Sababu ni ncha ya waya. Siku za mwanzo hushikiliwa na kile kiskrubu au na vijimiiba laini. Baadaye kovu humea kuizunguka na kuikamata. Kabla ya hapo, mkono ukirushwa juu kwa nguvu unaweza kuivuta. Lakini ruhusa ya mkono chini ya bega haikufutwa. Kunawa, kula, kufunga vifungo, kukoroga uji, kupokea simu, yote yamo. Tatizo ni kwamba mgonjwa mwenye hofu husikia "usiinue" na kuelewa "usisogeze", na familia inayompenda humsaidia kuelewa hivyo.

Ukitaka kujua bega linafanya nini likiachwa, tazama kanzu. Fundi anayeijua kazi yake huacha kitambaa cha ziada chini ya kwapa. Mkono ukining'inia, kitambaa hicho hujikunja na hakionekani kuwa na faida. Ukiinua mkono kufunga kilemba ndipo kinapokunjuka, na kanzu haikubani. Kiungo cha bega kimevikwa utando ulioshonwa kwa mtindo huo huo: chini ya kwapa umeachwa mlegevu, wenye mikunjo. Mkono ukikaa ubavuni wiki baada ya wiki, mikunjo ile hulala moja juu ya nyingine bila kukunjuliwa. Utando huanza kuvimba, unakuwa mnene, mikunjo inashikana, kana kwamba mtu amepita na sindano akashona ile ziada yote. Siku ya kuruhusiwa kuinua mkono, nafasi haipo tena. Kila jaribio linavuta mshono ambao haukupaswa kuwepo, na maumivu ya usiku huwa mabaya hasa ukilalia upande ule. Hali hii, bega kuganda, huweza kuchukua miezi mingi kulegea. Wenye kisukari hupatwa nayo kuliko wengine, na kliniki za moyo hazikosi watu wa kisukari.

Dawa yake ni kutumia mkono ndani ya mpaka tangu mapema. Wapo wanaofundishwa kuinama, kushika meza kwa mkono mzima na kuuacha ule mwingine uning'inie ukichora miduara midogo. Lakini hizo wiki 4 hadi 6 zenyewe hazina msingi mgumu sana. Hospitali hutofautiana, na tafiti zilizolinganisha masharti makali na mepesi ni chache tena ndogo, ingawa zinaelekea kusema kwamba mazoezi mepesi hayang'oi waya. Aliyekuwekea kifaa ndiye anayejua waya wako umeshikaje, na muda wa kufuata ni wake.

Nairobi ina namna zake za kulijaribu bega hili. Makanga anayekuvuta mkono ili upande gari likiwa linaondoka. Bomba la kushikilia kwenye basi lililojaa, ambalo liko juu kabisa ya bega. Mkanda wa gari ndio unaosahaulika: kwa kuwa hapa tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, abiria wa mbele aliye kando ya mlango, kile kiti kinachogombaniwa kwenye matatu, hushukiwa na mkanda kwenye bega la kushoto, juu ya kidonda. Dereva mkanda humshukia kulia. Usiuvue, weka leso iliyokunjwa katikati, au ukiwa kwenye teksi keti nyuma ya dereva. Nyumbani, shati la vifungo ni afadhali kuliko fulana, na mkono wa upande wa kidonda huingia kwanza kwenye shati na kutoka mwisho.

Kwa uchungu wenyewe, parasetamo huwatosha wengi, mradi mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku. Ajabu ni kwamba hiyo dawa nyonge husaidia zaidi ikimezwa kwa saa zake kuliko ikingojewa hadi maumivu yapande. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazotolewa upesi kwenye maduka ya dawa, si za kujinunulia ukiwa na moyo dhaifu, figo zenye shida au ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda. Baadhi ya vidonge vya kichwa vya dukani vina aspirini ndani, kwa hiyo soma karatasi. Halafu kuna kukanda kwa maji moto. Kwa mgongo, sawa. Kwa kidonda cha pesimeka, hapana: joto na kusugua vinaweza kuongeza damu inayovujia kwenye kifuko, na kitambaa chenye maji ni njia ya vijidudu.

Lipo bega moja linalostahili hofu. Mara chache ncha ya waya hutoboa ukuta wa moyo. Mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo, msuli wa kuvutia pumzi ulio chini ya mapafu, na kupita kando ya moyo huanzia shingoni, mahali pamoja na mishipa ya fahamu ya ngozi ya bega, kwa hiyo ubongo huweza kuliona kosa la kifuani kama uchungu wa begani. Huja pamoja na maumivu ya kifua yanayochoma ukivuta pumzi, kizunguzungu au kuishiwa pumzi. Pengine waya uliohama humpa mtu kwikwi zinazofuata mapigo ya pesimeka, moja kwa moja, bila kukoma. Hizo si za kunywea maji. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kama utakavyokwenda ukiona usaha, uvimbe unaokua, homa, mkono uliovimba mzima, au ukianza kuzirai tena.

Baada ya miaka 8 hadi 12 hivi betri huisha. Kisanduku hubadilishwa kupitia kifuko kile kile, na nyaya za zamani zikiwa nzima huachwa zilipo, zimekwisha kukamatwa na kovu. Safari hiyo wengi huruhusiwa kuinua mkono mapema zaidi. Kinachochungwa zaidi ni maambukizi, ambayo huwa mengi kidogo kuliko mara ya kwanza.