Mafuta asilia ya mimea: "safi" haina maana ya kunyweka

Swali: Mafuta asilia ya mimea ni kitu gani hasa?

Ni ile harufu ya mmea iliyokusanywa kutoka kwenye majani, maua, magome au mizizi, mara nyingi kwa kutumia mvuke. Ya ndimu na machungwa hukamuliwa kwenye maganda. Yanaitwa mafuta, lakini hayana undugu na mafuta ya kupikia.

Swali: Nitayajuaje yaliyo bora?

Anza na lebo. Itaje jina la kisayansi, mfano *Lavandula angustifolia*, si "lavenda" peke yake. Mikaratusi ni aina nyingi na mafuta yake hutofautiana, kwa hiyo neno "mkaratusi" tupu halikuelezi kitu. Tafuta pia sehemu ya mmea iliyotumika, namba ya toleo (fungu lililotengenezwa pamoja) na tarehe ya mwisho ya matumizi. Chupa iwe ya kioo cha rangi nzito, kwa sababu mwanga huharibu mafuta haya. Muuzaji makini hatababaika ukimwomba ripoti ya maabara ya toleo hilohilo, inayoonyesha kemikali zilizomo na viwango vyake.

Bei nayo husema. Kilo moja ya mafuta ya waridi hutumia tani kadhaa za maua. Ukiyakuta yanauzwa kwa bei sawa na ya mchaichai, ujue umeshikishwa manukato ya kiwandani.

Swali: Nimeambiwa nidondoshe tone kwenye karatasi. Inasaidia?

Kidogo. Doa la grisi lisilokauka huonyesha kwamba huenda yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Lakini manukato bandia nayo hukauka vizuri tu, na mafuta mazito ya msandali, hata yakiwa halisi, huacha alama.

Swali: Chupa imeandikwa "daraja la tiba". Si ndiyo bora zaidi?

Hayo ni maneno ya biashara. Kampuni hujipa daraja hilo yenyewe.

Swali: Nikishapata yaliyo safi kabisa, naweza kunywa matone machache?

Hapana. Hili ndilo linalotuchosha sisi tunaopokea wagonjwa hospitalini: mtu anachagua kwa uangalifu, analipa pesa nyingi, halafu usafi wa mafuta anaugeuza kibali cha kuyanywa. Mafuta safi ndiyo makali zaidi, maana hayajapunguzwa na chochote. Mafuta ya mmea wa *Gaultheria*, yanayonukia kama dawa za kuchua misuli, kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo kina salisilati, kemikali ya jamii ya aspirini, inayolingana na vidonge zaidi ya 20 vya aspirini vya mtu mzima. Vidonge vya mafuta ya mnanaa vinavyotolewa kwa ajili ya tumbo ni dawa iliyopimwa kipimo chake. Chupa yako ya harufu si dawa hiyo.

Swali: Na mtoto mwenye mafua? Tone moja tu kwenye uji?

Hapana. Wala kwenye maziwa, wala kwenye asali, wala kwenye ulimi. Mililita chache za mafuta ya mkaratusi zinaweza kumtia mtoto mdogo degedege na kumpotezea fahamu. Usimpake puani pia: mkaratusi, kafuri na mnanaa karibu na pua ya mtoto mchanga vinaweza kumbana koo mpaka ashindwe kupumua.

Swali: Ameshayanywa, lakini anacheza kama kawaida. Nisubiri nione?

Usisubiri. Mpeleke hospitali sasa hivi, akiwa bado anacheza. Wengine hubadilika ndani ya nusu saa, wengine baada ya saa kadhaa. Tunaletewa mtoto shingo imelegea, mate yanamtiririka, pumzi inanuka mkaratusi mpaka mlangoni, na maelezo ni yaleyale: "Tulimpa maziwa, tukamtapisha, akapata usingizi." Ule haukuwa usingizi, ndugu zangu. Ndiyo sumu ilikuwa inapanda kichwani.

Swali: Kwa hiyo nisimtapishe?

Usimtapishe! Wakati wa kutapika mafuta huteleza yakaingia mapafuni, na hapo tunakuwa na wagonjwa wawili ndani ya mtoto mmoja. Maziwa hayaondoi sumu hii, na mafuta ya kula ndiyo kabisa usimpe. Mchukue mtoto, chukua na chupa yenyewe pamoja na lebo yake, nenda.

Swali: Basi yana kazi gani?

Harufu chumbani, dirisha likiwa wazi, na mwenye pumu akiwa mbali. Kwenye ngozi ya mtu mzima, changanya kwanza na mafuta ya nazi au alizeti: matone 12 hivi kwa mililita 30. Jaribu sehemu ndogo ya mkono na usubiri siku moja. Yaliyokamuliwa kwenye maganda ya ndimu usipake ukaenda juani, yanaunguza. Lavenda iliyokaa wazi kwa muda mrefu hugeuka kuwa chanzo cha mzio, kwa hiyo ya zamani itupe hata kama bado inanukia.

Swali: Niyaweke wapi?

Kwenye kabati linalofungwa kwa ufunguo, juu, mbali na dawa. Usiyaweke karibu na dawa ya kikohozi, kwa sababu chupa hufanana, na usiku wa manane aliyeshika kijiko ni mtu mzima, si mtoto.