Je, wajua kwa nini kaburi la Mtakatifu Fransisko lilifichwa kwa karibu miaka 600?

Anayefika Assisi, mji wa Fransisko nchini Italia, kwa treni hushukia bondeni, na kutoka stesheni huuona mji wenyewe juu ya ubavu wa mlima Subasio, huku basilika ya Mtakatifu Fransisko ikitangulia mbele, imeshikiliwa na matao makubwa mithili ya ngome. Kwa karibu karne sita mahujaji walisali ndani ya basilika hiyo bila kujua mwili wa mtakatifu umelazwa wapi hasa.

Chanzo chake ni hofu iliyoanza hata kabla hajafariki. Katika Zama za Kati mji uliokuwa na masalia ya mtakatifu, yaani mwili au mabaki yake, ulipata mahujaji, sadaka na heshima, na kuyaiba masalia hayo halikuwa jambo geni. Jirani aliyeogopwa na Assisi alikuwa Perugia, mji ulioishinda vitani mwaka 1202 na kumfunga Fransisko mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa mfanyabiashara wa nguo. Mwaka 1226, alipozidiwa na ugonjwa akiwa safarini, watu wa Assisi walituma askari wamrudishe kwao, naye akapitishwa njia ya kuzunguka ili Perugia isije ikamnyakua. Mtu aliyekataa kumiliki chochote alikuwa amekwisha kugeuzwa mali ya kugombaniwa.

Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226 huko Porziuncola, kikanisa cha bondeni ambacho leo kimo ndani ya basilika ya Santa Maria degli Angeli, na kesho yake akapandishwa mjini na kuzikwa katika kanisa la San Giorgio. Papa Gregori IX alimtangaza mtakatifu tarehe 16 Julai 1228, na siku iliyofuata akaweka jiwe la msingi la basilika, ambayo ujenzi wake ulisimamiwa na Ndugu Elia, mmoja wa watawa wafuasi wa Fransisko. Mwili ulipohamishiwa humo tarehe 25 Mei 1230, maandamano yalivurugika, ukakimbizwa ndani na milango ikafungwa, jambo lililomkasirisha sana Papa. Jeneza la jiwe lilizikwa ndani ya mwamba, chini ya altare kuu. Tahadhari hiyo ilifaulu, na kwa maoni yangu ilifaulu kupita kiasi, kwa sababu hata watawa wenyewe hatimaye hawakujua pa kuchimba.

Mwaka 1818, kwa ruhusa ya Papa Pio VII, watu walichimba kwa siri usiku, usiku 52 mfululizo, mpaka wakalifikia jeneza mwezi Desemba. Miaka miwili baadaye Papa alithibitisha kwamba ndilo lenyewe. Leo mgeni hushuka kwa ngazi kutoka kanisa la chini la basilika hadi kikanisa cha mawe matupu, akaliona jeneza nyuma ya nondo za chuma juu ya altare, na pembeni yake makaburi ya wenzake wanne: Leo, Rufino, Masseo na Angelo.

Mwili wa Mtakatifu Klara, mfuasi wa Fransisko aliyefariki mwaka 1253, nao ulifichwa chini ya altare ya basilika yake, ukapatikana mwaka 1850. Lakini Carlo Acutis, kijana aliyefariki mwaka 2006 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2025, amelazwa katika kanisa la Santa Maria Maggiore, mjini humo humo, nyuma ya kioo ambapo kila apitaye humwona.