Skeli haiishii kwenye bodi

Hapa Kigoma kuna vijana wanaounda magari madogo ya jeshi, na kazi zao nyingine zinapendeza kweli. Lakini karibu kila ninapoonyeshwa Land Rover mpya ya kijani, iliyokatwa kwa bati la kopo la maziwa na plastiki ya ndoo, husikia maneno yaleyale: "Hii ni skeli ya 1/35, halafu nimeizeesha." Bodi ukiipima kwa rula ni 1/35 kweli. Vilivyoongezwa juu yake, yaani kutu, vumbi, matope na mikwaruzo, havina skeli yoyote. Ni mchanga wa Kibirizi kama ulivyochotwa ufukweni, na kutu iliyopakwa kwa brashi ya kwanza iliyopatikana.

Skeli ni uwiano kati ya urefu wa kitu kwenye modeli na urefu wa kitu hichohicho kwenye gari halisi. Kwa 1/35, milimita moja ya mezani inasimama badala ya milimita 35 za barabarani. Land Rover 109 inaitwa hivyo kwa sababu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma kuna inchi 109, yaani milimita 2,769. Gawanya kwa 35, unapata milimita 79 na ushee. Aliyesoma ramani shuleni hesabu hii haimsumbui.

Namba yenyewe ya 35 huwatatiza watu, maana haigawiki vizuri kwa kipimo chochote. Skeli nyingine zina mantiki ya futi na inchi: 1/48 ni robo inchi kwa kila futi, na 1/72 ni inchi moja kwa futi 6, kwa hiyo mtu mrefu wa futi 6 anasimama inchi moja kamili. 1/35 ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa modeli ya kifaru cha Kijerumani, Panther, iliyotembea kwa mota. Ukubwa wake ulipangwa ili mota na betri mbili zienee ndani. Modeli ilipouzika vizuri na kampuni ikataka kuunda vifaru vingine vya ukubwa uleule, ile Panther ilipimwa, ikaonekana ni takriban 1/35 ya kifaru chenyewe. Basi ndiyo ikawa skeli ya magari ya jeshi, na makampuni mengine yakaifuata. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaoamini kuwa 1/35 ni kipimo cha kijeshi. Ni nafasi ya betri tu.

Sasa, wanaposema gari "ni dogo mara 35", hapo ndipo kosa linapoanzia. Ni fupi mara 35. Eneo la boneti limepungua mara 1,225, na ujazo wa gari umepungua mara 42,875. Gari la tani moja na nusu, likipunguzwa kwa uwiano huo huku kila kitu kikibaki cha chuma chake na mpira wake, litakuwa na gramu 35. Gramu 35 haziwezi kubonyeza tairi. Gari halisi likiegeshwa, tairi hutanuka kidogo pale linapogusa ardhi, na jicho limezoea kuliona hilo bila kuambiwa. Modeli yenye tairi za duara kamili huonekana kama inaelea, hata ikipakwa matope kilo nzima. Pitisha msasa chini ya kila tairi mpaka pawe na ubapa mdogo, na gari litakaa chini.

Ramani ya 1:50,000 tuliyoisoma sekondari ina ruhusa ambayo modeli haina. Barabara iliyochorwa kwa mstari wa nusu milimita, ungeupima mstari ule, ingekuwa na upana wa mita 25. Hakuna anayelalamika, kwa sababu mchoraji na msomaji wote wanajua kuwa ule mstari ni alama. Kwenye modeli hakuna alama. Kila kilichomo kinadai kuwa ndicho chenyewe, kimepunguzwa tu. Tone la rangi ya kahawia la milimita 2 ulilodondosha mlangoni, jicho halilisomi kama "hapa pana kutu". Linalisoma kama kutu ya sentimita 7, pana kama kiganja, imekaa katikati ya mlango bila sababu.

Ndiyo maana nasisitiza kuwa uchakavu nao ni lazima uingie kwenye skeli. Mkwaruzo wa nusu milimita ni karibu sentimita 2 za rangi iliyobanduka, na rangi hubanduka kiasi hicho pale tu palipogongwa. Nyingi ya mikwaruzo ya gari la kazi ni midogo kuliko ncha ya brashi yoyote utakayonunua mjini. Kipande cha sponji ya godoro kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi: kichovye kwenye rangi, kigongegonge kwenye karatasi mpaka kibaki karibu kikavu, kisha kiguse ukingo wa mlango mara moja. Utaona vidoa vidogo visivyo na mpangilio.

Mchanga ndio unaoniumiza zaidi. Punje ya nusu milimita, ukiigeuza kuwa ya barabarani, ni kokoto ya milimita 17. Nimeona Land Rover nzuri, milango imekatwa kwa ustadi mkubwa, halafu madigadi zote nne zimemwagiwa kokoto zilizoganda kwa supa gluu. Hakuna barabara inayolifanyia gari hivyo. Vumbi la barabarani lenyewe ni laini kuliko unga wa muhogo, na likipunguzwa mara 35 halionekani tena kama punje. Linabaki rangi tu. Ukitaka kutumia udongo mwekundu wa Kasulu, na mimi naupenda kwa kazi hii, uvuruge kwenye ndoo ya maji, subiri kidogo mchanga uzame, kisha mimina yale maji mekundu ya juu kwenye chombo kingine. Yaache yatulie na kukauka. Kinachobaki chini ni udongo laini mno. Upake kwa brashi kavu kwenye kona, nyuma ya magurudumu na chini ya milango, halafu ufute palipo wazi. Ukiushikiza kwa gundi, kumbuka udongo ukilowa hukolea, hivyo usiamue rangi kabla haujakauka.

Suala la kutu lina skeli, na lina sababu pia. Bodi ya Land Rover ya zamani ni ya aluminiamu. Gari hilo lilizinduliwa mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, na aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi. Aluminiamu haipati kutu nyekundu. Ikiachwa muda mrefu hutoa unga mweupe, na rangi huvimba malengelenge pale inapokutana na chuma. Chesisi ni ya chuma, bampa ni la chuma, ukuta unaotenganisha injini na dereva ni wa chuma. Huko kutu ina haki yake. Kwenye boneti na madigadi, rangi ya kijani ikikwaruzika kinachotokea chini ni rangi ya fedha iliyofifia. Kijana anayepaka boneti kahawia anaeleza habari za gari lingine.

Tena yuko anayechakaza gari kama meli ya pwani, kutu ikishuka michirizi kila upande, kwa hoja kuwa Kigoma iko ziwani. Ziwa Tanganyika ni la maji baridi. Chumvi ya bahari ndiyo inayokimbiza kutu kiasi kile, nasi hatuna. Isitoshe gari la jeshi lililoko kazini huoshwa na kupakwa rangi upya. Skeli inagawa urefu, haigawi miaka: kutu nene inasema gari limetelekezwa muda mrefu, kwa hiyo ukiipaka ondoa askari na turubai jipya, kwa sababu kutu nene na gari lililoko kazini havikai pamoja.

Kuhusu madoa ya grisi, naomba tuache mawese. Najua yapo kila jiko na rangi yake inavutia, ila hayakauki. Mafuta ya kitani yanayotiwa kwenye rangi hukamata oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi ngumu. Mawese hubaki mafuta mwaka mzima na kunasa vumbi la chumbani. Na vumbi la chumbani ni nyuzi za kanga na mablanketi. Uzi wa sentimita moja uliokwama kwenye bampa ni kamba ya sentimita 35. Tia tone la rangi nyeusi ya mafuta, ilegeze kwa tapentaini, na uipake juu ya rangi ya maji iliyokwisha kauka kabisa, ndipo ya chini isiyeyuke.

Kwa hiyo, wadogo zangu, mkisema bodi ni 1/35 ninakubali, na nikipima huwa naridhika. Ninachowaomba ni kuendelea na hesabu ileile baada ya rangi ya kijani kukauka. Kabla ya kuweka doa, pima upana wake, zidisha kwa 35, kisha nenda kaangalie Land Rover yoyote ya zamani iliyoegeshwa hapa mjini, Mwanga: je, doa la ukubwa huo lipo, na limekaa upande gani? Kama halipo, punguza. Na kile kilichobaki bila doa kiiteni gari safi, maana hata gari safi la 1/35 ni modeli kamili.